Sala ya jioni au somo la jikoni? Ulinganisho kwa wazazi Wakristo wa Mtwara na Lindi

Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja nyakati nne za kuwafundisha watoto neno la Mungu: uketipo katika nyumba yako, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo. Nyumba nyingi zimeshika ule wa kwanza tu. Watu wanakula, vyombo vinaondolewa, mkeka unatandikwa, Biblia inafunguliwa, na wale watoto wawili wadogo wanasinzia kabla ya amina. Na mchana kutwa watoto haohao walikuwa wakimtazama mama anakanda unga, wakafagia ukumbi, wakapanga foleni ya maji, wakaokota korosho. Karibu kila kazi kati ya hizo Bwana Yesu aliitolea mfano.

Hatuipingi sala ya jioni. Tunaandika kwa ajili ya mama, baba, au bibi anayelea wajukuu, mwenye nusu saa tu kwa siku na asiyejua aiweke wapi. Tumeiweka sala ya jioni upande mmoja na kazi za nyumbani upande wa pili, tukaangalia kila moja inadai muda gani, inamfaa mtoto wa umri gani, na inaharibikia wapi. Katika kuchagua kazi ya kufundishia tumetumia kipimo kimoja: iwe na kungoja ndani yake, na mtoto aweze kuiona ikiharibika. Kazi ya mbiombio haiachi nafasi ya kuongea, na kazi isiyoharibika haimtoi mtoto swali.

Sala ya jioni: nguvu yake na pale inapokwama

Nguvu yake kubwa ni mpangilio. Injili ya Marko ina sura 16 na mistari inayokaribia 680. Ukisoma mistari 10 kila usiku, unaimaliza kwa siku 68 hivi, na mtoto anaisikia yote kuanzia Yohana Mbatizaji hadi kaburi tupu. Hakuna kazi ya jikoni itakayompa hilo. Somo la jikoni huacha vipande: leo chachu, kesho chumvi, keshokutwa shilingi iliyopotea, na mtoto anaweza kufika miaka kumi na miwili akijua mifano yote bila kujua nani alimtangulia nani kati ya Musa na Daudi. Sala ya jioni ina faida nyingine: baba yupo. Kazi nyingi tutakazozitaja huangukia mikononi mwa mama na dada mkubwa, na mtoto wa kiume anaweza kudhani imani ni shughuli ya wanawake.

Mpango unaodumu ni wa dakika 12 hadi 15: beti mbili za wimbo, mistari 8 hadi 12, swali moja, sala ya sentensi moja kwa kila mtu kuanzia mdogo, kisha Baba Yetu. Ikizidi dakika 20 watoto wa chini ya miaka saba wamekwisha kuondoka hata kama macho yao yako wazi.

Hukwama kwa sababu tatu. Kwanza, inaanza kwa kuchelewa: chakula kikiiva saa mbili na nusu, sala inaanguka saa tatu, na hapo unagombana na usingizi. Isogeze kabla ya chakula, wakati ugali unasubiriwa. Pili, mwenye kusali anageuza sala kuwa baraza la kesi za mchana: "Bwana, msaidie huyu mtoto aache uongo." Mtoto aliyesemwa mbele ya Mungu mbele ya ndugu zake hafumbi macho tena kwa moyo. Tatu ni msimu. Kuanzia Oktoba hadi Desemba, korosho zinapoanguka, watu wazima wanarudi shambani wamechoka mno. Nyumba iliyotegemea sala ya jioni peke yake inakaa miezi mitatu bila neno.

Maandazi: somo bora kuliko yote kwa miaka saba hadi kumi na miwili

Tunaliweka juu kwa sababu lina kungoja kwa saa nzima, na linaharibika waziwazi.

Mathayo 13:33 inasema ufalme wa mbinguni umefanana na chachu aliyoitwaa mwanamke, akaisitiri ndani ya pishi tatu za unga, hata ukachachwa wote pia. Chukua unga wa ngano nusu kilo. Kabla ya kitu kingine, toa vikonzi viwili uviweke bakuli la pembeni. Hamira, kijiko kimoja cha chai kilichojaa, ikoroge katika vijiko vitatu vya maji vuguvugu na sukari kidogo, uiache dakika 10 hadi itoe povu. Unga mkubwa utie sukari vijiko vinne vya chakula, iliki, chumvi kidogo, ile hamira, na tui vuguvugu kikombe kimoja, ukiongeza tui kidogo kidogo mpaka donge liache kunata mikononi. Kanda dakika 10. Ule unga wa pembeni umpe mtoto aukande kwa tui na sukari, bila hamira. Funika mabakuli yote mawili kwa kitambaa, yaweke pamoja.

Sasa uliza swali moja: "Hamira iko wapi? Nionyeshe kwa kidole." Mtoto atatafuta juu ya donge, atalipasua kati, hataiona. Usimweleze. Mwambie mtarudi.

Kwa joto la Novemba pwani, dakika 45 zinatosha. Julai ngoja saa moja na zaidi. Mkifunua, donge moja limejaa bakuli, na ukilipasua kwa vidole lina matundu matundu na harufu ya uchachu. Lingine limelala kama lilivyoachwa, gumu, lina alama za vidole vya mtoto vilevile. Hapo ndipo usome ule mstari, na neno "akaisitiri" litakuwa halihitaji kamusi. Kaangeni yote mawili. Mtoto aonje na lile gumu.

Yanayoharibika: maji ya moto huua hamira, kwa hiyo tia kidole, na kama huwezi kukiacha ndani ukihesabu hadi kumi, yaache yapoe. Hamira iliyofunguliwa ikakaa wazi wiki kadhaa haitoi povu, na sukari nyingi mno huichelewesha. Siku donge litakapogoma kuumuka, usilifiche. Siku hiyo ndiyo ya kuuliza ni nini huua kazi ya Mungu ndani ya nyumba, na majibu ya watoto huwa ya kweli kuliko tunavyopenda.

Mambo mawili ya kujua kabla hujaulizwa. Neno "pishi" katika Biblia ya Union ni la kutusaidia tu. Neno la Kiyunani lililoandikwa pale ni saton, kipimo cha lita 13 hivi. Tatu ni karibu lita 40, yaani madebe mawili ya unga. Mwanamke yule anakandia watu wa harusi. La pili: chachu ya zamani haikuwa ya pakiti, ilikuwa kipande cha donge la jana kilichowekwa akiba. Ndiyo maana Paulo katika 1 Wakorintho 5:6 anaonya kwamba chachu kidogo hulichachua donge zima, na Yesu anaonya juu ya ile ya Mafarisayo. Mtoto mkubwa atauliza mbona chachu ni nzuri huku na mbaya kule. Mwambie ukweli: mfano unahusu jinsi kitu kidogo kinavyoenea kimyakimya, na ubaya au uzuri unatokana na kilichowekwa ndani.

Kopo la unga: fupi, bure, na linamkamata mzazi mwenyewe

Somo hili linachukua dakika 10 na halina gharama. Tafuta kopo la kupimia na unga wa muhogo au sembe. Mimina unga taratibu mpaka kopo lijae, kata juu kwa kisu, umwage upande mmoja wa ungo. Kisha jaza tena, lakini sasa gonga kopo mezani mara kumi, shindilia kwa ngumi, ongeza, gonga tena, ongeza mpaka unga umwagike ukingoni. Mwaga upande wa pili wa ungo. Vilima viwili kutoka kopo moja, na tofauti hufika karibu robo. Mtoto wa miaka mitano anaiona.

Luka 6:38 sasa inasomeka yenyewe: kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwasukwa hata kumwagika, ndicho watakachowapa vifuani mwenu. "Vifuani" huwachanganya watoto. Ni ule upindo wa vazi uliokunjwa mbele, ambao watu walikingia nafaka sokoni. Mama akinge kanga yake kiunoni, mtoto amwagie lile kopo la pili humo.

Kosa la kawaida ni kulifanya fundisho la kutoa sadaka ili upate mara mbili. Rudi mstari mmoja nyuma: msihukumu, msilaumu, achilieni. Kipimo kinachozungumzwa kwanza ni cha huruma na msamaha. Mwulize mtoto, jana ulimsamehe dada yako kwa kopo la namna gani? Huo ndio moyo wa somo.

Kwa vijana wa miaka 13 na kuendelea kopo hilohilo lina upande wa pili, na huku Kusini hauhitaji mfano wa mbali. Kila msimu wako wanaopita vijijini na fedha taslimu kununua korosho nje ya mfumo rasmi wa mauzo, kwa kipimo chao na bei ya kumnyonga mwenye shida. Kangomba hiyo, kila kijana anaijua. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na Kumbukumbu la Torati 25:13–15 inakataza kuwa na vipimo vya namna mbili, kikubwa na kidogo. Soma yote mawili mkiwa mmekaa juu ya magunia, kabla hayajaenda chama cha msingi. Lakini jiandae, kwa maana kijana ataangalia na gunia lako. Mkulima anayetia kokoto au korosho mbichi ili uzito upande yumo ndani ya mistari hiyohiyo. Kama lipo gunia la namna hiyo nyumbani, lifungue kwanza, ndipo ufungue Biblia.

Kufagia na shilingi: kwa walio chini ya miaka saba

Luka 15:8–10. Ficha sarafu ya shilingi 500 ndani ya chumba mtoto asione, sehemu ambayo ufagio utaipata: pembeni mwa mkeka, nyuma ya mguu wa kitanda. Funga madirisha chumba kiwe na giza, kwa sababu nyumba za Palestina zilikuwa na madirisha madogo na mwanamke yule aliwasha taa. Mpe mtoto tochi na ufagio laini wa ndani; ule wa chelewa ni wa uwanjani, utairusha sarafu chini ya kabati. Kama sakafu ni ya udongo, nyunyiza maji kidogo kwanza, vumbi lisimpalie.

Neno "shilingi" katika tafsiri limechuja uzito wa hadithi. Drakma moja ilikuwa takriban ujira wa kibarua wa siku nzima. Taja malipo ya kibarua wa siku hapo kijijini kwako, mtoto aelewe kwa nini mama yule alipindua nyumba. Na usiiishie kwenye kupata. Mwanamke aliwaita jirani zake wafurahi naye, basi nanyi mwiteni mtoto wa jirani, nunueni ubuyu mle pamoja. Tukiulizwa sehemu gani watoto hukumbuka mwaka mzima, ni hiyo ya ubuyu, na ndiyo hasa Yesu aliyotaka ikumbukwe, furaha mbele ya malaika.

Inaharibika sarafu ikifichwa vizuri mno. Dakika 10 bila kuipata, mtoto mdogo analia na somo limekufa.

Foleni ya maji

Huku Makonde, Newala na Tandahimba, maji yana historia ya kutafutwa mbali, na hata palipo na bomba kuna siku za kusubiri. Kutembea na ndoo ya lita 20 kichwani si wakati wa kufundisha, shingo imebana na pumzi ni fupi. Foleni ndiyo yenye kungoja. Yohana 4 inasema Yesu aliketi kisimani yapata saa sita, na hapa mtoto wa Kiswahili ana bahati: Wayahudi walihesabu saa kuanzia mapambazuko kama sisi, kwa hiyo saa sita ya Biblia ni saa sita yetu, jua la utosi. Uliza: nani anachota maji saa sita? Kila mtoto anayejua ndoo atasema hakuna, watu huenda alfajiri na jioni. Kwa nini basi yeye alikwenda saa hiyo? Biblia haitoi sababu. Acha watoto wakisie, na zuia wasimchafue yule mama zaidi ya maandiko yenyewe. Sema kwa sauti ya chini, watu wengine kwenye foleni hawajaomba mahubiri.

Kupepeta mchele nako tulikuweka kwenye orodha, kisha tukakutoa. Mathayo 3:12 inakutaja, ni kweli, lakini mkono na jicho vimeshughulika mfululizo, na ukigeuka kumjibu mtoto mchele unafuata pumba. Fundishia ungo ukiwa umemaliza.

Chumvi: jaribio la swali linalosumbua

Mathayo 5:13 huzua swali ambalo watu wazima hulikwepa: chumvi inaharibikaje, wakati chumvi ni chumvi? Chumvi ya Palestina ya wakati ule ilitoka maeneo ya Bahari ya Chumvi ikiwa imechanganyika na madini mengine. Ikipata unyevu, chumvi yenyewe huyeyuka ikaondoka, na kinachobaki kinafanana nayo kwa macho, hakina ladha.

Changanya vijiko viwili vya chumvi ya mawe na vijiko viwili vya mchanga mweupe wa pwani uliooshwa vizuri. Funga kwenye kitambaa chepesi, kining'inize juu ya bakuli, mimina vikombe vitatu vya maji polepole. Mtoto achovye kidole kwenye maji ya bakuli, ni chumvi tupu. Fungua kitambaa kikauke: kuna kitu cheupe ndani, na hakifai hata kwa mchuzi wa dagaa. Kitupeni njiani, mkikanyage. Watoto wa pwani walioona mashamba ya chumvi, ambako maji ya bahari hukaushwa na jua mpaka chumvi iachwe chini, hulishika somo hili haraka kuliko wa bara, kwa kuwa wamekwisha kuona upande wake wa pili. Nusu saa inatosha. Liepuke tu siku ya mvua, kitambaa hakitakauka.

Korosho ndani ya kopo: somo la wiki nne

Hili linataka uvumilivu wa mzazi kuliko wa mtoto. Yohana 12:24 inasema chembe ya ngano isipoanguka katika nchi ikafa, hukaa peke yake. Bali ikifa, hutoa mazao mengi. Ngano hatulimi, korosho tunayo.

Chukua korosho ghafi za msimu huu, kumi hivi, uzitumbukize kwenye ndoo ya maji. Zinazoelea ondoa. Zilizozama ziloweke siku moja hadi mbili. Tafuta makopo mawili, toboa matundu chini, jaza udongo wa kichanga, panda korosho mbili kila kopo, kina cha sentimita 5, upande wa kikonyo ukiangalia juu. Mwagia baada ya siku moja moja, udongo uwe na unyevu usiwe tope. Ziba kwa miiba. Kuku na panya ndio maadui wa kwanza.

Kwa nini makopo mawili? Kwa sababu siku ya kumi mtoto atataka kufukua aone, na ni bora umruhusu. Afukue moja. Atakuta ganda limepasuka, limelainika, na mzizi mweupe unaelekea chini kama ulimi. Ile korosho aliyoizika haipo tena kwa sura ile. Lile alilolifukua pengine litakufa kabisa, na hilo nalo ni jibu kwa asiyeweza kungoja. Lile la pili, kati ya wiki ya pili na ya nne, litachomoza, na nusu mbili za korosho yenyewe zitapanda juu ya udongo, zikafunguka na kuwa kijani. Mtoto atauliza: sasa ilikufa au haikufa? Usikimbilie botania. Soma mstari wa 23 unaotangulia, "Saa imefika atukuzwe Mwana wa Adamu", aone kwamba Yesu alikuwa akisema juu ya kifo chake mwenyewe, siku chache kabla. Ukipanda wiki ya nne kabla ya Pasaka, jani linakutana na sikukuu.

Onyo: hili ni somo la kupanda. Kubangua korosho si kazi ya mtoto, mafuta ya ganda huunguza ngozi mpaka ikabanduka.

Njiani kutoka shambani

Wakati huu umesahaulika kabisa, na kwa vijana ndio bora. Mathayo 20:1–16, wale vibarua wa shamba la mizabibu walioajiriwa alfajiri, saa tatu, saa sita, saa tisa, na wengine saa kumi na moja, wote wakalipwa dinari moja moja. Saa hizo nazo ni za kwetu, hazihitaji kugeuzwa. Kijana aliyeokota korosho tangu asubuhi na mgongo unamuuma, mwambie hadithi hii mkirudi, kisha nyamaza. Atasema si haki. Usimjibu siku hiyo. Hata waliokuwa kwenye hadithi walinung'unika, na mwenye shamba hakuwaambia kwamba hawajachoka. Usiku, dakika tano za sala, msome kifungu kizima bila maelezo.

Basi uchague nini

Ukiwa na watoto wa chini ya miaka saba pekee, anza na shilingi na kopo, sala ya jioni iwe wimbo na Baba Yetu tu. Wa miaka saba hadi kumi na miwili wape maandazi Jumamosi moja kwa mwezi, na chumvi mara moja kwa mwaka. Vijana wape njia na magunia. Kwa kalenda, Oktoba hadi Desemba punguza sala ya jioni iwe dakika tano na ufundishie shambani. Mvua zikianza, pandeni kopo. Kiangazi, Juni hadi Septemba, usiku una nafasi, ndipo msome Injili nzima kwa mpangilio.

Ukitulazimisha kuchagua moja tu, tutachagua jikoni, kwa sharti kwamba jioni yake kisomwe kifungu chote ambamo ule mfano umo. Mchana mtoto ameona donge likiumuka, usiku asikie Mathayo 13 yote. Vipande vinashonwa hapo. Soma Union Version ya 1952 kwa ajili ya kukariri, maana lugha yake inakaa kichwani, na Biblia Habari Njema ya 1996 kwa kuelewa. Maneno ya Union kama "kiango" (cha kuwekea taa) na "pepeo" (la kupepetea nafaka) yamewashinda watoto wengi.

Na kanuni moja ya kinywa: kazi kwanza, swali moja, mstari mmoja, kisha rudini kwenye kazi. Anayeanza na mstari amefungua hotuba. Usitumie kamwe andiko kumchapa mtoto aliyemwaga maji au kuunguza maandazi. Kufundisha imani ndani ya mambo ya nyumbani na ya desturi si ugeni huku: Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Kianglikana ya Masasi mwaka 1926, alithubutu kuipa hata jando sura ya Kikristo. Jikoni ni padogo kuliko hapo.

Watoto wa jirani

Huku pwani jirani yako yaelekea ni Mwislamu, na watoto wake watakuwepo maandazi yanapokandwa. Zungumza na mama yao mapema, kwa heshima, umwambie mnachosoma. Wengi hawana neno, na asiyetaka amekuambia. Somo la kipimo halina ugomvi, kwani Kurani nayo ina sura inayofungua kwa kuwalaumu wapunjao vipimo, na mtoto wake anaweza kuijua kuliko wako. Somo la Yohana 12 liweke kwa wa nyumbani. Na kama ni Ramadhani na yule mkubwa amefunga, fungu lake la maandazi litie kwenye hotipoti, alifuate baada ya adhana ya magharibi.